Maswali na majibu: munaniuliza muchanganyiko, mimi nitawauliza ganzi

Jambo wandugu. Nilikawia kujibu, simu yangu imejaa maswali, na karibu yote inauliza kitu moja tu: dawa gani tuchanganye na gani kusudi mugonjwa wa jino atulie kwa fotei (kiti ya dantiste) bila kumutuma bloku ya upasuaji. Kwa wale wapya, mimi ni infirmiye anestezisti hapa Goma, myaka 19 niko nashika masko na taya za watu, na ninaandika kwa wale wenye wako ndani ya kazi, wadantiste, wainfirmiye, wanafunzi wenye wako karibu kumaliza. Sitarudilia mambo ya mwanzo. Mushike tu hii moja, juu yote yenye inafuata imesimama pale: sedasio yenye fahamu, ni kusema kumutuliza mutu na dawa, ni wakati mugonjwa anajibu ukimuita, anafungua mudomo ukimwambia fungua. Kama hajibu, umeshatoka kwa sedasio, uko kwa anestezi jenerali (usingizi kamili) ndani ya kabine ya meno, hata kama haukupenda.

Swali, dantiste wa Himbi: "Mukubwa, kwa kutosha gego ya mwisho yenye imelala ndani ya mufupa, kati ya midazolamu na fentanili, ao midazolamu na ketamini, ni ipi inapita ingine?"

Hii njo swali napataka kupita yote, na kila mara nasikiaka nyuma yake swali ingine yenye mutu hataki kusema: Spix yangu (ganzi ya taya ya chini) haishike muzuri, mugonjwa anapiga makelele, nimupe nini anyamaze. Dokta, midazolamu haiue uchungu. Inatosha woga, inafuta kumbukumbu, lakini uchungu inabakia pale pale, mugonjwa anausikia, anarusha mukono, anafunga mudomo juu ya vidole vyako, ni kesho tu njo hatakumbuka. Wewe unaona kesho yake anakushukuru, unaandika kwa fishi kama ilienda muzuri. Haikwenda muzuri. Piga ile Spix, ngoja dakika 5, hata 10, uliza kama mudomo wa chini umekufa, gusa ufizi na chombo ya ncha, na kama bado anasikia rudilia ganzi, usiongeze sedasio. Na fasi kuko usaha, ujue ganzi itashika vibaya juu nyama ya pale inakuwa na asidi mingi, kwa hiyo toboa usaha itoke, umupe antibiotiki, arudi siku ingine akiwa ametulia. Nusu ya wenye wananiandikia juu ya muchanganyiko hawana lazima ya muchanganyiko, wako na lazima ya kungojea dakika 5 zaidi.

Sasa tuzungumuze dawa zenyewe. Midazolamu peke yake, na ganzi yenye imeshika, inatosha kwa watu wazima wengi sana. Miligrama 1 ao 2 polepole, unangoja dakika 2 kamili ukitazama saa, kisha unaongeza 1, unangoja tena. Wengi wanatulia kati ya 2 na 5. Ukiona maneno inaanza kuvutika na macho inakuwa nzito, simama pale. Muzee mwenye amepita myaka 60, anza na nusu miligrama ao 1, na ukifika 3 na nusu uko umeshaenda mbali. Shida ya watu wetu ni haraka: wanapiga 2, nyuma ya sekunde 30 wanaona bado anaongea, wanapiga 2 ingine, wanapiga 2 ingine, halafu zote tatu zinafika kwa kichwa pamoja.

Ukiongeza fentanili, unapata kitu chenye midazolamu haina, ni kusema kupunguza uchungu wa mufupa wenye unasukumwa na mutu kukaa kimya kwa kazi ya nusu saa. Lakini fentanili si kaka mudogo wa paracetamoli. Ilitoka kwa Paul Janssen kule Ubelgiji mu 1960, nguvu yake ni karibu mara 100 ya morfini, ndio maana tunaihesabu na mikrograma. Na zile dawa mbili zikikutana, hazijumulishwi, zinazidishana. Kuko kazi moja ya Bailey na wenzake, Marekani, 1990, kila mutu mwenye kufanya sedasio angeijua kwa kichwa. Walichukua watu 12 wazima, bila ugonjwa. Midazolamu peke yake, hakuna mwenye alikosa oksijeni. Fentanili peke yake, nusu yao oksijeni ilishuka, lakini hakuna mwenye aliacha kupumua. Wakaweka zote mbili: 11 kwa 12 oksijeni ilishuka, na 6 waliacha kabisa kupumua. Sita kwa kumi na mbili! Tena walikuwa watu wazima wasio na malaria, wasio na upungufu wa damu, hakuna mutu mwenye alikuwa anawatobolea mudomo na kuwajazia maji. Kwa hiyo ukitaka ile muchanganyiko, fentanili njo inatangulia, mikrograma 25 mpaka 50, unangoja, juu fentanili inakandamiza pumuzi zaidi kati ya dakika 5 na 15 nyuma ya sindano, kisha unakuja na midazolamu kidogo kidogo, ukiipunguza karibu sehemu moja kwa tatu ya ile ungetoa ingelikuwa peke yake, na kwa muzee unaikata nusu.

Ketamini nayo tunaipenda huku, na tuko na sababu. Ilitengenezwa Marekani mu 1962, haihitaji mashine kubwa, inaua uchungu kweli, mugonjwa anaendelea kupumua, tansio (presio ya damu) haianguki. Ilisaidia wapasuaji wa mikoa yetu hii kupita dawa ingine yote, na mu 2015 wakati China iliomba ifungiwe kimataifa sawa dawa ya kulevya, OMS, shirika la afya la dunia, ilikataa, na nilifurahi sana. Lakini munasahau tunafanya kazi wapi. Tuko ndani ya mudomo. Ketamini inaleta mate mingi, wewe unaongeza maji ya frezi (mashine ya kutoboa) na damu, vyote vinashuka karibu na kamba za sauti, na kamba zikifunga mu laringospasme, ule mutu mwenye ulisema anapumua vizuri hapumui tena hata kidogo. Tena ukifika kwa dozi ya 1 mpaka 1 na nusu miligrama kwa kilo, hajibu ukimuita, ni kusema ile si sedasio yenye fahamu tena. Dozi ndogo, kitu sawa 0,2 mpaka 0,5 kwa kilo juu ya midazolamu kidogo, naikubali, na ile midazolamu inasaidia mutu mukubwa asiamuke na ndoto za kutisha. Ila aspiratere (mashine ya kuvuta mate) iwe inafanya kazi, mutu wa tansio ya juu yenye haijatulizwa umuache, na mwenye alishawahi kusikia sauti za kichwa ao kulazwa juu ya wazimu umuache pia.

Jibu yangu basi: midazolamu peke yake na ganzi ya kweli kwa wengi. Fentanili ikiongezwa, ni kwa kazi ndefu ya mufupa na kukiwa mutu wa ku kichwa. Ketamini uipeleke hospitali. Na mutu wa ku kichwa, kwa wenye hawajanisoma mbele, ni mutu mwenye kazi yake ni moja tu, kutazama pumuzi. Hashike aspiratere, hapitishe vyombo, hajibu simu, hapokee franka kwa mulango.

Swali, kutoka Katindo: "Naweza kufanya sedasio na musaidizi wangu peke yake kama eko na uzoefu?"

Kama ule musaidizi njo anakupitishia vyombo, hapana.

Swali, infirmiye wa Sake: "Midazolamu imekosa kwa farmasi zote, tuko tu na Valium ampuli. Tutumie?"

Unaweza, lakini ujue unashika nini. Diazepamu, ni kusema ile Valium, inakaa mwilini masaa 20 mpaka 50, na ini inaigeuza kuwa dawa ingine yenye inalalisha nayo na inakaa hata kupita yenyewe, midazolamu iko na masaa 2 ao 3 tu. Kwa hiyo mugonjwa wa saa tatu ya asubui anatoka kwako macho wazi, magaribi amekula, amelala, na usingizi unarudi nzito kupita ule wa asubui, familia inafikiri ni uchovu. Halafu inaunguza mushipa, kwa hiyo usiipige ku mushipa mudogo wa nyuma ya mukono, tafuta mukubwa ku kiwiko, na polepole. Musipige ku matako tena jamani, ile inaingia vile inataka, leo kidogo kesho mingi, na hakuna hesabu unaweza kufanya pale. Mimi kwa mutu mwenye woga tu, bila kazi kubwa, napenda komprime ya miligrama 5 ya Valium saa moja mbele, na mutu wa kumusindikiza, kuliko sindano. Komprime imedharauliwa bure.

Swali: "Na propofoli? Rafiki yangu ya Kampala anasema njo safi kupita zote."

Rafiki yako pengine eko na anestezisti pembeni yake na mashine ya kupumulisha nyuma yake. Propofoli ni safi, kweli, mutu anaamuka haraka na hana kichefuchefu. Lakini kati ya mutu ametulia na mutu hapumui kuko nafasi kidogo sana, na haina dawa ya kuirudisha nyuma. Wote munakumbuka Michael Jackson mu 2009. Alikuwa na daktari wake mwenyewe ndani ya nyumba, propofoli na dawa za famili ya Valium juu yake, na hakukuwa mutu mwenye anatazama pumuzi na vyombo vya kutosha. Kwa fotei ya dantiste bila anestezisti: hapana, na musiniulize tena hii.

Swali: "Niko na mutoto ya myaka 4, kilo 15, meno 5 zimeoza pande zote. Naomba dozi ya siro ya kumulalisha nitoshe zote mara moja."

Hii ni mara ya tatu kwa mwezi moja napata karibu maneno sawasawa, na kila mara bila umri wa kweli ao bila kilo, angalau wewe uliandika kilo, aksanti. Tufanye hesabu pamoja kusudi isirudi. Lidokaini, kwa mutoto nachukua kiwango cha chini, 4,4 miligrama kwa kilo, ni kusema kilo 15 inapata miligrama 66. Karpule (kachupa ya ganzi) ya asilimia 2, mililitre 1,8, iko na miligrama 36 ndani. Haifike hata karpule mbili. Na wewe unataka kutia ganzi pande nne za mudomo! Ukipita kiwango, lidokaini yenyewe inalalisha kwanza, kisha inaleta kifafa, kisha inagusa moyo, na kama umemupa siro ya kulalisha juu yake hautaona dalili za mwanzo, utafikiri siro inafanya kazi muzuri. Hapo njo watoto wanafia, mara mingi si juu ya dawa moja, ni juu ya mbili tatu zenye kila moja mutu alisema ni kidogo.

Tosha jino moja ao mbili za upande moja, zile zinauma. Rudisha mutoto nyuma ya wiki mbili. Kama hawezi kukaa kabisa, midazolamu ya kumeza 0,5 miligrama kwa kilo, kwake ni 7 na nusu, unangoja dakika 20 mpaka 30, ile ya ampuli ni chungu sana kwa hiyo changanya na siro tamu kidogo tu, si gilasi nzima. Mama abakie na yeye mikononi. Ganzi paka ipigwe. Na kama meno zote ni lazima zitoke siku moja, ni bloku, tubu ku koo, anestezi jenerali na mutu wake. Kule Marekani mashirika ya madaktari wa watoto na wadantiste wa watoto waliandika mu 2019 kama sedasio nzito ya mutoto kwa kabine ya meno inaomba watu wawili wenye wamefundishwa kuokoa mutoto, na mumoja wao hafanyi kazi ya meno hata kidogo. Kule wako na vyombo vyote, na bado walifika pale nyuma ya kuzika watoto.

Tena, kwa wenye wanaongezaka siro ya kodeini ao tramadoli "kusudi asilie usiku": kwa watoto wa chini ya myaka 12 Marekani ilikataza zote mbili mu 2017, juu kuko watoto wenye ini yao inageuza kodeini kuwa morfini haraka sana na wanaacha kupumua ndani ya usingizi. Prometazini nayo (dawa ya aleji yenye inalalisha), chini ya myaka 2, onyo yake iko tangu 2004. Paracetamoli kwa kilo, na ibuprofeni kama anakula na anakunywa, inatosha.

Swali: "Flumazenili ni bei kali. Ni lazima kuwa nayo?"

Ndio, juu njo inafukuza midazolamu. Lakini haikupe ruhusa ya kukosa ambu (mufuko wa kupumulisha na mukono). Nimeona kabine yenye iko na ampuli ya flumazenili ndani ya frigo, imefungwa na ufunguo, na masko ya kupumulisha haiko hata moja. Mutu akiacha kupumua, kitu cha kwanza ni mukono wako: muite kwa nguvu, inua taya, oksijeni, ambu. Dawa inakuja nyuma, 0,2 miligrama, ngoja dakika moja, kisha 0,1, na tena, usipite 1 kwa jumla. Naloksoni vile vile kidogo kidogo kama kulikuwa fentanili, usipige ampuli yote ya 0,4 kwa moja, mutu ataamuka na uchungu wote na tansio ya juu. Na zote mbili zinaisha haraka kupita dawa zenye zinafukuza, flumazenili ni kitu sawa dakika 45 mpaka saa moja, kwa hiyo mwenye umemuamusha nayo haendi nyumbani mbele ya masaa mawili, akikaa machoni mwako, hata kama ndugu zake wanalalamika. Mutu wa kifafa ao mwenye anamezaka dawa za usingizi kila siku, flumazenili inaweza kumuletea kifafa. Ketamini haina ya kuirudisha. Propofoli haina.

Swali, mwanafunzi: "Oksimetri inaonyesha 93 mbele hata sijaanza. Nianze ao hapana?"

Swali ya akili, na wakubwa wengi hawaiulizi. Oksimetri ni kale kamashine ka ku kidole kenye kanapima oksijeni ya damu. Goma iko karibu mita 1500 juu ya bahari. Presio ya hewa huku imepunguka karibu sehemu moja kwa sita kupita ya Moanda ku bahari, kwa hiyo mutu muzima wa hapa akionyesha 95 ao 96 usishangae, lakini ujue amesimama karibu na ukingo: chini ya 90 oksijeni haishuke polepole tena, inaanguka. 93 mbele ya kuanza ni ya kutafutia sababu. Tosha verni ku kucha, pashe vidole moto, badilisha kidole. Ikibakia 93, sikiliza kifua, uliza kikohozi, uliza moshi, uliza uzito na kama anakoromaka usiku. Bila sababu yenye umeelewa, usimupe sedasio siku ile, mupe ganzi peke yake.

Na kuko kitu ingine chenye kinatuhusu sisi zaidi. Mu 2020 waganga wa Marekani walilinganisha ile oksimetri ya kidole inasema na damu ya mushipa yenyewe. Wakati oksimetri ilisoma 92 mpaka 96, kwa wagonjwa weusi karibu 12 kwa mia oksijeni yao ya kweli ilikuwa chini ya 88, kwa weupe haikufika 4 kwa mia. Ni kusema ile mashine inatudanganya sisi karibu mara tatu kupita wao, na inadanganya upande mubaya, inasema uko muzuri. Mashine zimetengenezwa na kupimwa zaidi ku ngozi nyeupe, na huku kwetu njo tunazitegemea kupita kila kitu. Ile inaniumiza. Kwa hiyo 94 ya kidole cheusi mu Goma, isome sawa 91 mpaka ipate kukuhakikishia.

Weka oksijeni na lineti (mupira wa puani), litre 2 ao 3, tangu mwanzo. Lakini hapa kuko mutego: mwenye eko na oksijeni anaweza kuacha kupumua na namba ikabakia 98 kwa muda, oksimetri inaimba vizuri, na gazi ya kaboni inapanda. Wapasuaji wa mudomo wa Marekani walilazimisha kapnografu (mashine yenye inapima ile gazi ku pumuzi) tangu 2014 juu ya hiyo. Sisi wengi hatuna, basi weka stetoskopi ku shingo, mukono juu ya kifua, hesabu pumuzi kwa sauti. Na kama mashine yako ya oksijeni inakula umeme, uwe na chupa pembeni yenye umefungua na kupima asubui ile ile. Umeme wa Goma munaujua.

Swali: "Mugonjwa eko na dawa za VIH (ukimwi), kuko shida na midazolamu?"

Uliza majina ya dawa, usiseme tu "za VIH". Zile za mustari wa pili zenye ziko na ritonaviri zinafunga njia ya ini yenye inavunja midazolamu, kwa hiyo ile ya kumeza usitoe kabisa, na ile ya mushipa ni kidogo sana na hospitali. Dolutegraviri haina ile shida. Hapo hapo wadantiste, mujitazame: eritromisini na klaritromisini zenye munaandikiaka wenye aleji ya penisilini zinafanya kitu kile kile, flukonazoli ya vidonda vya mudomo pia inasaidia kufunga. Unamuandikia wiki moja eritromisini, kisha unamupa midazolamu 4 sawa kila mutu, analala mpaka magaribi na unashangaa. Spiramisini haifanyi vile. Mwenye anameza rifampisini juu ya kifua kikuu ni kinyume, ini inakimbia, na midazolamu ya kumeza inakuwa karibu sawa maji, usifukuzane nayo kwa kuongeza.

Swali: "Mutu anakunywaka sana kasiksi. Nimemupa midazolamu 5, njo amezidi kurukaruka. Niongeze?"

Hapana!! Mutu mwenye anarukaruka, mbele useme ni pombe, tazama kama anapata hewa. Mwenye anakosa oksijeni anapigana, anatosha lineti, anataka kusimama, na wewe ukimuongezea dawa umemaliza kazi. Hewa ikiwa muzuri, uliza ganzi. Ganzi ikiwa muzuri, uliza kibofu. Kisha njo unaweza kusema midazolamu imemugeuka, inatokeaka kwa wanywaji, kwa wazee na kwa watoto, na dawa yake ni kusimama. Kompresi, mushono kama ulifungua, arudi siku ingine. Na mwenye alikunywa usiku ule ule mbele ya kuja hapati sedasio yoyote.

Swali, mama wa Ndosho: "Mwanangu wa myaka 22 atatolewa jino na sindano ya kutuliza. Anaweza kurudi na moto (pikipiki)?"

Hapana mama. Nyuma ya motari, juu ya mawe ya lava, na usingizi kwa macho, ataanguka. Taksi, na mutu mukubwa pembeni, na ule mutu abakie na yeye mpaka asubui. Masaa 24 asiendeshe, asipike ku mbabula, asitie sinyatire ku karatasi ya parseli (kiwanja). Mbele ya kuja, chakula inasimama masaa 6, maji ya kunywa masaa 2. Chai na maziwa ni chakula.

Swali ya mwisho: "Juu ya nini unakataaka ampuli ya midazolamu ya miligrama 15? Si ni dawa ile ile?"

Ni dawa ile ile, na njo inanitisha. Ile ya 5 iko mu mililitre 5, kila mililitre ni miligrama 1. Ile ya 15 iko mu mililitre 3, kila mililitre ni miligrama 5. Mutu mwenye amezoea ya kwanza anavuta mililitre 3 akifikiri ni miligrama 3. Uingereza walitoa onyo kwa hospitali zote mu 2008 juu ya hii ampuli, wakasema kwa sedasio ibakie ile ya miligrama 1 kwa mililitre.

Mimi niliitwa siku moja kwa kabine, sitasema wapi, myaka mingi imepita. Kijana wa myaka 30 hivi, jino moja tu. Dantiste alikuwa muzuri, mikono safi, mutu wa kazi. Ile asubui farmasi ilimuletea ampuli zingine, sanduku ingine, rangi karibu sawa. Alimupa "3". Wakati nilifika, musaidizi alikuwa anapumulisha na masko ya mutoto juu njo ilikuwa pale, midomo ya kijana ilikuwa imegeuka rangi, na oksimetri ilikuwa ndani ya droo, batri imekufa. Tulimupumulisha karibu saa moja na nusu. Aliishi, anafanya kazi mpaka leo. Lakini nilisimama pale nikishika ile taya na nilijua kama ningekuwa upande wa pili wa mji, na ile njia yote, angekuwa amekufa juu ya namba moja yenye hakuna mutu alisoma.

Kwa hiyo kama paka utumie ya 15, vuta mililitre 1 tu, ongeza maji ya chumvi mililitre 4, sasa uko na miligrama 5 mu mililitre 5, na ile imebakia itupe mbele ya kuanza, usiiache ku meza. Fentanili ya 100 mu mililitre 2, ongeza 8, kila mililitre ni mikrograma 10. Ketamini ya 50 kwa mililitre, vuta 2, ongeza 8, kila mililitre ni miligrama 10. Sirenge tofauti kwa kila dawa, jina na kiasi kwa mililitre moja vimeandikwa na kalamu ku plasta juu yake, na mutu wa pili asome kwa sauti mbele ya kubamba mushipa.